Maduka ya dawa Rukwa: Hisani ilipie umbali

MALARIA haiwagusi wakazi wote wa Rukwa kwa kiwango sawa. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, una baridi isiyowafaa mbu. Joto liko chini, katika Bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako homa ni nyingi na maduka ya dawa ni machache.

Kwa zaidi ya miaka 20, wahisani wamejaribu kupunguza pengo la namna hiyo kwa kuwekeza katika biashara za wenyeji. Mwaka 2003, kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates, mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na yaliyokidhi vigezo yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo antibiotiki, ambazo maduka ya dawa baridi yalikatazwa kuziuza. Rukwa na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo iliyofuata.

Hoja ilikuwa nzito. Wananchi wengi walikuwa wakianzia dukani kabla ya kwenda zahanati, hivyo ilikuwa nafuu kulirekebisha duka lililopo.

Hata hivyo, duka humfuata mteja mwenye fedha. Mwaka 2007 Mfuko wa Clinton ulifanya majaribio ya kupunguza bei ya dawa mseto ya malaria katika maduka ya wilaya za Maswa na Kongwa. Ndani ya mwaka mmoja, wanunuzi wa dawa za malaria waliochukua dawa mseto waliongezeka kutoka asilimia 1 hadi 44. Lakini dawa hiyo ilipatikana zaidi katika maduka yaliyo karibu na miji. Ruzuku ilishusha bei, haikufupisha njia.

Hapo ndipo Ufipa inapohusika. Mfanyabiashara wa Muze au Mtowisa, bondeni, hana wateja wa kutosha kufidia nauli ya mzigo mdogo, na muuzaji wake aliyefunzwa akihama, duka hupoteza sifa. Akiongeza gharama hizo kwenye bei, mzigo humwangukia mgonjwa maskini.

Fedha za hisani zitafaa zaidi zikilipia usafirishaji wa pamoja, mikopo nafuu, mafunzo kwa vijana wa vijiji hivyo na ukaguzi wa mara kwa mara, ili antibiotiki zisiuzwe holela. Maduka ya mjini yanaweza kujitegemea.

Uamuzi huo hauwezi kusubiri. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID, lililogharimia kuenezwa kwa maduka haya mkoani Morogoro, likafungwa Julai mwaka huo. Fedha zilizobaki zikiendelea kupimwa kwa idadi ya maduka yaliyosajiliwa, takwimu za mkoa zitapendeza, na mgonjwa wa bondeni ataendelea kupanda mlima kutafuta dawa.