Kiburi cha Aliye Karibu na Madhabahu

Aghalabu tukizungumza juu ya takaburi ya mwanadamu mbele ya Mwenyezi Mungu, kidole huelekezwa kwa yule asiyesali, ilhali jeuri iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mtu anayelitaja jina la Mungu kwa taadhima, akaitetea dini kwa mali na kwa upanga, kisha akajihesabu moyoni kwamba amri zimewekwa kwa ajili ya wengine.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Theodosius, Kaisari wa Rumi. Mwaka 380, akiwa Thesalonike, aliwaamuru raia wa dola yake waifuate imani ya Utatu kama walivyoishika maaskofu wa Rumi na Iskanderia, na katika mji huohuo, mwaka uleule, akabatizwa. Miaka 10 baadaye watu wa Thesalonike walifanya ghasia kwa sababu mwendesha magari ya farasi waliyempenda ametiwa gerezani, wakamwua jemadari Butheric. Na huyo mlinzi wa imani, ghadhabu ilipompanda, akawapeleka askari waliochinja watu pasipo kuuliza nani mkosaji na nani mpita njia. Mwanahistoria Theodoret asema waliouawa walikuwa 7,000.

Wachoraji wa Ulaya hupenda kumwonyesha Ambrose, askofu wa Milano, akimzuia kaisari mlangoni pa kanisa. Picha ni nzuri, lakini yeye alikuwa liwali kabla ya kuwa askofu, naye alizijua adabu za wakubwa: aliondoka mjini kwa udhuru wa maradhi, akaandika barua, maneno ya mwisho akiyaandika kwa mkono wake mwenyewe ili asomaye awe kaisari peke yake, akimkumbusha toba ya mfalme Daudi na kumwarifu kwamba hathubutu kuitoa sadaka takatifu iwapo yeye atahudhuria. Theodosius, ambaye angeweza kumfukuza askofu huyo kwa neno moja, alivua mapambo ya enzi yake, akalia hadharani kanisani, na hakurudishwa kwenye ushirika mpaka Krismasi ya mwaka 390.

Walakini tusifanye haraka kumpamba Ambrose. Yapata miaka 2 kabla ya hapo, Wakristo wa Callinicum, kwa uchochezi wa askofu wao, waliliteketeza sinagogi la Wayahudi, na Theodosius, kwa haki kabisa, akaamuru askofu huyo alijenge upya. Ambrose aliipinga amri hiyo, akasimama kanisani akikataa kuendelea na ibada mpaka kaisari alipomwahidi kwamba shauri hilo litaachwa. Sauti ileile, na madhabahu yaleyale; ila safari hii mamlaka ya Mungu yaliletwa kuwafunika wadhalimu, na wala sijapata kusikia kwamba Ambrose aliijutia siku ile. Kumbe anayemkemea mwenye kiburi naye ana kiburi chake, nacho ni kigumu zaidi kutibika, maana huvaa joho.

Haya yanatuhusu sisi tulio na desturi ya kumtenga mkosaji na meza ya Bwana. Msichana akishika mimba nje ya ndoa, jina lake hutajwa mbele ya usharika, akaketi kando miezi kadha wa kadha, na siku ya kurudi kundini akasimama mbele ya watu wote waliokwisha kumjadili majumbani mwao. Bwana mkubwa aliyewanyima vibarua wa shamba lake ujira wao huwa ndiye mgeni rasmi wa harambee ya kuezeka kanisa, akapewa kipaza sauti, akatuhutubia juu ya utiifu. Ukiuliza kwa nini yeye hajatengwa, wazee wa kanisa hujibu kwamba shauri lake halina ushahidi, hali vibarua wenyewe wamo humohumo ndani, viti vya nyuma, na hapana mzee hata mmoja aliyekwenda kuwauliza.