Moto wa Agosti ndio maji ya Aprili

Ndugu wasikilizaji wa Uvira, nanyi familia mliokimbia vita mkajenga vibanda kando ya mito: mwezi wa tano unaisha, majani ya mlimani bado yana ubichi. Tumebakiwa na majuma machache ya kuamua jambo moja.

Kila kiangazi mlima ukiwaka juu yetu tunasikia jibu moja: "Ni wale." Mkulima anamtaja mfugaji, mfugaji anamtaja mchoma makala, na sisi wa mjini tunataja kabila. Katika nchi iliyojaa bunduki jibu hilo linaweza kuua, na halijazima moto hata mmoja.

Mimi nasema kosa letu ni tarehe. Mfugaji anataka majani mapya, mkulima anataka shamba safi. Hawataacha kuchoma kwa sababu ya tangazo. Ukichoma sasa, moto unakwenda polepole, umande wa usiku unausaidia kuzimika, mizizi inabaki. Ukichoma Agosti, majani yamekauka na upepo wa ziwa unausukuma moto kupanda mteremko. Unakula miti, mihogo, hata nyumba za majani. Kisha mvua inarudi na kukuta mlima uko uchi.

Hatujasahau Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika usiku, watu zaidi ya 40 wakafa, maelfu wakabaki bila nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini mlima wenye majani hunywa maji; uliokatwa miti na kuchomwa huyatupa chini pamoja na mawe. Na yanamwangukia nani? Aliyejenga mtoni kwa kukosa pengine.

Wengine watasema: moto wote upigwe marufuku. Nani atapanda huko juu kusimamia? Marufuku ya karatasi inamfanya mtu awashe usiku, kisha akimbie.

Basi meya, Mwami na wakuu wa vijiji wa usultani wa Bavira waite wakulima, wafugaji, wachoma makala na wajumbe wa waliohama, juma hili. Wapange siku za kuchoma, wafyeke njia pana kuzunguka mashamba, watu wasimame na matawi mabichi mpaka moto uzimike. Kuanzia Julai mpaka mvua, asiwashe mtu yeyote, awe wa kabila lolote.

Kikao hicho hakigharimu kama mazishi.