Waliobaki Nyumbani

Kila msimu wa kampeni mjadala ni ule ule: mgombea atafute kura mpya au atunze ngome yake? Na kila mara wabishani wa pande zote mbili wanadhani kura iliyomtoka mgombea mmoja imeingia kwa mwenzake. Mwaka 2010 haikuwa hivyo, na sisi wa Bagamoyo tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana mgombea alikuwa mtu wetu wa Msoga.

Mwaka 2005 Jakaya Kikwete, mgombea urais wa CCM, alipata kura zaidi ya milioni 9, asilimia 80. Miaka mitano baadaye alipata milioni 5 na laki mbili na ushee. Zimepungua karibu milioni 4. Wapinzani wote kwa pamoja, Dk. Slaa wa CHADEMA akiwa mbele yao, hawakuongeza hata milioni moja juu ya walichopata 2005. Waliopiga kura walishuka kutoka asilimia 72 ya walioandikishwa hadi chini ya 43. Wengi wa waliomwacha hawakuhama chama. Walibaki nyumbani.

Ngome ndiyo inayosahaulika kwanza, kwa sababu inahesabiwa kabla haijapiga kura. Msafara unaingia Dunda, mdundiko unapigwa, kanga na fulana zinagawiwa, mgombea anasalimia na kuondoka. Mvuvi aliyetaka kuuliza habari za bandari mpya ya Bagamoyo habahatiki kushika kipaza sauti. Jiwe la msingi la bandari hiyo liliwekwa Oktoba 2015, siku chache kabla ya kura. Kufika 2019 mradi ulikuwa umesimama. Mvuvi wa namna hiyo hahitaji kuhamasishwa kwa wimbo. Anahitaji kujibiwa.

Wapenzi wa kupanua wigo watanitajia Edward Lowassa, aliyehama CCM kwenda upinzani, na katika toleo hili wamepewa nafasi ya kutosha. Ni kweli, mwaka 2015 aliipatia UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, kura milioni 6. Lakini Dk. Slaa aliondoka CHADEMA, Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, na Machi 2019 Lowassa mwenyewe alikuwa amerudi CCM. Makala yao yasomwe; mimi hayakunishawishi.

Mwandishi wetu wa Mombasa amenishawishi zaidi. Mwaka 2022 Raila Odinga alimchukua Martha Karua awe mgombea mwenza wake wa urais ili apate kura za Mlima Kenya, akashindwa kwa kura kama laki 2 na elfu 33. Mombasa, alikoshinda, walioandikishwa wasiopiga kura walizidi laki 3.

Katika toleo hili yapo pia mahojiano na mabalozi wa mashina, na makala fupi kuhusu CUF na Tanga.

Ombi langu ni kwa makatibu wa matawi wa vyama vyote, kuanzia Mapinga hadi Saadani. Matokeo yakibandikwa kituoni, msianze na kura za mpinzani. Anzeni na idadi ya walioandikishwa wasiofika, kisha mwende mkawabishie hodi mwaka huo huo, bila kusubiri kampeni nyingine.