Barua ya Uhamisho Haimtaji Mtoto Mchanga

Kila mwaka watumishi wa umma kutoka Visiwani hupokea barua za uhamisho kwenda vituo vya Tanzania Bara, na wenzao wa Bara huvuka kuja kwetu. Polisi, Uhamiaji, Mamlaka ya Mapato na taasisi nyenginezo za Muungano haziwezi kufanya kazi pasipo kuwahamisha watu, na mtumishi aliyekubali ajira amekubali pia kupelekwa mahali anapohitajika. Katika hilo hatuna ubishi. Mtumishi anayekaa kituo kimoja miaka 20 huota mizizi, na mizizi ikishika sana huzaa upendeleo. Tena nchi yetu imejengeka kwa Mpemba kufanya kazi Songwe, na Mnyakyusa kufanya kazi Wete.

Tunalotaka kulisema leo ni jengine. Barua hiyo humtaja mtumishi kwa jina, cheo, kituo anachotoka, kituo anachokwenda na tarehe ya kuripoti. Haimtaji mtoto wake wa miezi mitatu, ilhali ndiye atakayeibeba safari hiyo kwa taabu kuliko wote, naye hana kauli.

Tuchukue mfano wa mtumishi anayetoka Unguja kwenda Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mahali ambapo watu wa forodha na uhamiaji hupelekwa mara kwa mara. Ana mke, ana mtoto mchanga, ana vyombo vya nyumba. Kwanza huvuka bahari kwa boti muda wa saa mbili hivi. Akishuka bandarini Dar es Salaam huanza kutafuta gari la kumfikisha Mbezi, iliko stendi kuu ya mabasi ya mikoani tangu mwaka 2021, na huko ni mwendo wa kukata mji mzima pamoja na mizigo. Hapo safari yenyewe haijaanza bado. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 830, na kutoka Mbeya hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 100 nyengine.

Barabara hiyo ndiyo wanayopita malori ya mizigo ya Zambia na Kongo. Baada ya Morogoro inaipasua Mbuga ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, ambako wanyama huvuka, na si mahali pa kuteremka kumbadilisha mtoto nepi. Mbele yake uko mlima wa Kitonga, wenye kona kali na mteremko mkubwa, ambako lori moja likiharibika foleni husimama kwa saa nyingi. Kisha ni Iringa, Makambako na nyanda za juu, ambako usiku wa mwezi wa Juni na Julai baridi yake haifanani na kipupwe cha kwetu. Mtoto aliyezaliwa Kikwajuni au Chake Chake, aliyezoea kulala na kanga moja, huipita joto la Dar es Salaam na baridi ya Makambako ndani ya siku moja.

Kwa basi, safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya pekee huchukua saa 12 hadi 14. Mtu mzima hushuka amevimba miguu. Mtoto mchanga, ambaye shingo yake haijakaza na ambaye hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, hupakatwa muda wote huo. Aghalabu familia huchagua kwenda moja kwa moja, usiku kucha, kwa sababu tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kulala njiani ni gharama. Wengine hupanda katika lori lililobeba vyombo vyao, mama na mtoto wakikaa mbele pamoja na dereva na utingo, ili nauli ya basi ibaki mfukoni. Hawafanyi hivyo kwa kutompenda mtoto. Hufanya hivyo kwa sababu fedha ya uhamisho haijatoka, au imetoka nusu, na tarehe ya kuripoti haingoji.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinatambua haki ya mtumishi anayehamishwa kulipiwa nauli yake na ya familia yake, gharama za kusafirisha mizigo na posho ya usumbufu. Viongozi wa Serikali wamekwisha kusema mara kadhaa kwamba asihamishwe mtu kabla ya kulipwa. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mpaka leo wapo wakubwa wa vituo wanaotia saini barua ya uhamisho kwanza, kisha ndipo waulize kama fungu lipo. Mtumishi naye, kwa kuogopa kuitwa mkaidi, hukopa, huuza kitanda, huondoka. Deni la Serikali hulipwa siku za mbele. Mtoto aliyeumia njiani hana malimbikizo ya kudai.

Tuitazame pia hesabu ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, nazo ni wiki 12. Chanjo za mwanzo za mtoto hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kwa hiyo hata kama likizo imeanza siku ile ile ya kuzaliwa, mama anayerudi kazini na kukutana na barua ya uhamisho mezani atasafiri na mtoto ambaye bado wiki 2 kukamilisha chanjo hizo. Atamwingiza katika stendi iliyojaa watu, na katika basi lenye abiria wanaokohoa, wakati kinga yake haijatimia. Je, kuna kazi gani ya mpakani ambayo haiwezi kungoja wiki 2?

Jambo la malaria nalo tusilipuuze. Visiwani, kwa juhudi za miaka mingi, ugonjwa huo umepunguzwa hata kubaki chini ya asilimia 1. Hiyo ni fahari yetu, lakini ina upande wake wa pili: mtoto wetu, na mama yake pia, huingia katika mikoa ambayo malaria ingalipo wakiwa hawana mazoea nayo. Chandarua ambacho nyumbani kimeachwa kabatini hakina budi kuwa juu ya begi, si chini kabisa ya lori.

Wapo watakaosema kwamba tunawadekeza watumishi. Watasema mama zetu walivuka kwa mashua, wakapanda malori ya mbao, na watoto wakakua. Ni kweli walikua waliokua. Waliokufa njiani hawapo kutoa ushahidi. Na lori la zamani kwenye barabara ya vumbi halikwenda kasi ya mabasi ya leo juu ya lami. Gari likigonga au kufunga breki ghafla, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama yenye nguvu ya kumzuia mtoto. Upendo hauwezi kushindana na uzito wa gari lililo mbioni.

Sisi watu wa Visiwani tulilijua hilo kwa bahari kabla ya wengi. Baada ya MV Spice Islander kuzama karibu na Nungwi mwezi Septemba 2011, na MV Skagit karibu na Chumbe mwezi Julai 2012, tulijifunza kuuliza: chombo kimebeba watu wangapi, maboya yako wapi, na la mtoto lipo? Tulilia, kisha tukauliza, na maswali hayo yalikuwa ya haki. Inatushangaza basi kuona kwamba mzazi yule yule anayeuliza boya la mtoto ndani ya boti, akifika nchi kavu hupanda gari lolote, akakaa kiti cha mbele, akampakata mwanawe bila ya kuuliza neno. Ardhi haizami, lakini inaua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa magari yalikuwa machache, na kiti maalumu cha mtoto hakikuwemo katika fikra za watunga sheria. Leo Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa viti hivyo, vikitumiwa sawasawa, hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu. Hatuamini kwamba kila familia inaweza kununua kiti hicho, wala basi zetu hazikutengenezwa kukipokea. Lakini taasisi inayomiliki magari kadhaa haishindwi kuwa na viti viwili au vitatu vya kuazima, vikarudi stoo baada ya safari kama vinavyorudi vifaa vyengine.

Kwa hayo tunapendekeza mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya kubwa.

Kwanza, fomu ya uhamisho iwe na mstari wa kuuliza kama mtumishi ana mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na umri wake kwa wiki. Asiyeulizwa hahesabiwi.

Pili, isipokuwa kwa dharura ya kweli, familia yenye mtoto aliye chini ya wiki 14 isilazimishwe kusafiri. Wazee wetu walimweka mzazi ndani siku 40 bila ya kuwa na waraka wa wizara, kwa sababu waliona kwa macho yao udhaifu wa mama na mwana katika siku zile. Wako wanaoshauri baba atangulie peke yake. Huenda ikafaa kwa wiki chache, lakini isigeuzwe kuwa desturi ya miezi, kwani nyumba mbili kwa mshahara mmoja ni madeni, na mama huachwa kulea peke yake wakati ule ule anaohitaji msaada.

Tatu, fedha itangulie barua, na ihesabu malazi ya njiani. Safari ya Tunduma kwa mtoto si ya siku moja. Ikatwe vipande: Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita zisizozidi 200, Morogoro hadi Iringa, kilomita 300 hivi, Iringa hadi Mbeya, kisha Tunduma kwa mchana. Kwa anayekwenda Dodoma na mikoa ya mbele yake, treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari zake mwaka 2024 humfikisha Dodoma kwa saa zisizofika tano, na stesheni yake Dar es Salaam haiko mbali na bandari. Mizigo na iende kwa lori. Mama na mtoto wapewe tiketi ya treni.

Nne, kituo kinachopokea kiwe na mtu aliyepewa dhamana ya kumpokea mgeni. Kufika saa 5 za usiku na mtoto analia, na hakuna anayejua ufunguo wa nyumba uko kwa nani, ni aibu ya ofisi nzima.

Wazazi nao wana wajibu wao, kwani Serikali haimpakati mtoto wa mtu. Kadi ya kliniki isipotee. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na Bara ina yake, na muuguzi wa Tunduma hataijua chanjo iliyochomwa Mnazi Mmoja asipoiona imeandikwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kichukuliwe kabla ya kuondoka, maana usajili wa vizazi wa Zanzibar una wakala wake, na kukifuata baadaye ni safari nyengine. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, hata kwenye joto. Mama ndiye anywe maji kwa wingi. Katika gari dogo akae nyuma, na kiti chake, kama kipo, kielekee nyuma ya gari. Isipite saa mbili bila ya kusimama mahali salama, mtoto akanyooshwa na dereva akapumzika. Na asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa vioo juani, hata kwa muda wa kununua mkate.

Wahenga walisema kawia ufike. Usemi huo aghalabu huandikwa nyuma ya malori, mahali ambapo dereva wake hauoni. Tunaomba safari hii uwekwe juu ya meza za wenye mamlaka ya kuhamisha watu, nao wausome kabla ya kutia saini. Mtumishi aliyefika kituoni siku tatu nyuma ya tarehe, na familia yake nzima ikiwa salama, ataitumikia nchi miaka mingi. Aliyefika kwa tarehe na akamzika mwanawe njiani hatakuwa mtumishi yule yule tena, na hakuna posho ya usumbufu itakayomrudishia.