Mahame ya Uzaramo na Safari ya Baiskeli





Huko Ufaransa si jambo la ajabu kumwona mtu na mkewe na watoto wao wamepanda baiskeli, mizigo wameifunga nyuma, wakipita milimani kutoka kijiji hadi kijiji wakati wa mapumziko. Desturi hii si ya juzi. Alikuwako katika mji wa Saint-Étienne mfanya biashara wa hariri, jina lake Paul de Vivie (1853–1930), ambaye tangu mwaka 1887 alitoa gazeti la waendesha baiskeli, akiwahimiza watu waitumie baiskeli kuijua nchi yao, wala si kwa mashindano tu. Aliwausia wafuasi wake wale kabla njaa haijawashika, wanywe kabla ya kiu, na wasikanyage pedali kwa kujionyesha. Hata mwaka 1936, sheria ilipowapa wafanya kazi wa Ufaransa majuma mawili ya likizo kila mwaka huku mshahara wao unakwenda, wengi walitoka mijini kwa baiskeli, na baadhi yao ndiyo kwanza wayaone mashamba ya nchi waliyozaliwa.

Na huendea nini huko? Aghalabu huendea vijiji vya kale. Uko mji uitwao Cordes, juu ya kilima kusini mwa nchi ile, ulioanzishwa mwaka 1222, na nyumba zake za mawe hadi leo zakaliwa na watu. Msafiri hutua, akaegemeza baiskeli yake ukutani, akasoma mwaka ulioandikwa juu ya mlango.

Basi twauliza: kijana wetu wa Kisarawe au Kibaha, au wa Dar es Salaam ambaye asili yake ni huko, naye ana baiskeli, aende akatazame nini?

Wako watakaojibu upesi kwamba aende Kaole. Wasema kweli. Kaole iko karibu na Bagamoyo, na mwenye kutoka Kibaha hufika kwa kupita Mlandizi na Makofia. Ziko huko kuta za misikiti ya mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo, na wataalamu huukadiria msikiti ulio wa zamani zaidi kuwa wa karne ya 13, yaani karne ile ile ya mji wa Cordes. Lakini Kaole ni pwani. Bara ya Uzaramo, kuanzia vilima vya Pugu hata bonde la Ruvu, hutaona ukuta wa zamani namna ile. Wazee wetu walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa makuti au nyasi, na nyumba ya namna hiyo ikiachwa mvua chache hurudi ardhini ilikotoka.

Hata hivyo haiondoki bila ya kuacha alama. Apitaye njia ya Kisarawe kwenda Masaki, Msanga na Maneromango, akitupa macho pembeni mwa njia, ataona porini mwembe mkubwa peke yake, au miembe mitatu imesimama kwa mpango, na mkorosho uliozeeka, na pengine mnazi mmoja. Mwembe haukuota pale kwa bahati. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, na hapa kwetu ulipandwa na mkono wa mtu aliyetaka kivuli cha kuketi na wageni wake. Akisogea karibu ataona vipande vya vyungu, na penye majani yaliyoachwa yasifyekwe ataona makaburi. Hilo ndilo hame. Kiswahili kina neno lake, na neno hilo vijana wengi hawalijui tena, kwa kuwa hawajapelekwa kuliona lenyewe.

Mahame haya yana sababu mbalimbali. Mengine yaliachwa kwa njaa, mengine kwa maradhi au kwa ardhi kuchoka. Lakini mengi ambayo wazee walio hai wanayakumbuka ni ya miaka ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashamba wawe wamehamia humo. Watu wakatoka katika miji yao iliyotawanyika, kila ukoo na miembe yake, wakakusanywa kando ya barabara. Hatuandiki hapa ili kuihukumu siasa ile. Iliwapa wengine shule na zahanati, na iliwagharimu wengine mashamba yao. Twasema tu kwamba mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, leo amepita sitini. Huyo ndiye wa mwisho ajuaye kwa macho yake mwembe upi uliitwa wa nani, na chini ya kichaka kipi amelala bibi yake.

Jambo hili lina haraka ambayo yule Mfaransa wa Cordes hanayo, maana nyumba yake ya mawe yamngoja. Ardhi ya Kibaha na Kisarawe yapimwa viwanja kila mwaka, kwa sababu Dar es Salaam imejaa na inafurika kuja huku. Treni mpya ya umeme, iliyoanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, yapita Pugu, Soga na Ruvu. Anayenunua kiwanja aona msitu mtupu na miembe ya kukata. Naye mchoma mkaa auona mwembe kuwa magunia. Zipo sheria, tena nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na tangu 1969 ipo sheria ya kuhamisha makaburi, ambayo kwayo ndugu hujulishwa ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Lakini atajulishwaje ndugu ambaye mwenyewe hajui kwamba ana kaburi pale? Kaburi lisilo na msemaji hupitiwa na trekta, wala hapana wa kumlaumu dereva.

Kwa nini tukasema baiskeli, wala si gari? Gari hupita kwa kasi na vioo vimefungwa, tena njia za kuendea mahame si za gari. Pikipiki nayo ina kelele, na mtu akiisikia hungoja ipite. Mwenye baiskeli hukuta watu wamekwisha kumwona tangu mbali. Akifika hushuka, husema shikamoo, huombwa aketi. Kwa mwendo huo mzee mmoja humwelekeza kwa mwingine. Na yeye mwenyewe si mgeni wa ajabu, kwa kuwa baiskeli ndiyo iliyobeba nchi hii: samaki kwenda bara, muhogo na mafenesi kwenda sokoni, na magunia ya mkaa kushuka vilima vya Pugu alfajiri, mwenye nayo ameshika breki kwa mikono yote miwili. Kazi hiyo ya mwisho pikipiki zimeipokea kwa sehemu kubwa. Na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, uliolishwa moto huo miaka mingi, sasa umewekwa kuwa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Apendaye huweza kuingia kwa kulipa kiingilio, akaliona bwawa la Minaki na miti ya namna iliyokuwa imefunika pwani hii kabla ya mashoka.

Vilima vya Kisarawe si milima ya Ufaransa. Tourmalet, ambao mashindano yao makubwa yaliupanda mara ya kwanza mwaka 1910, una mita 2,115. Vyetu havifiki 400. Lakini asidharau mtu. Baiskeli zetu za Phoenix hazina gia ila moja, nazo ni nzito. (Hata wale mabingwa wa Ufaransa walikatazwa kubadilisha gia kwa mtambo mpaka mwaka 1937, basi tusione haya kushuka na kusukuma.) Taabu kubwa si kilima bali ni mchanga, ambao humeza tairi huko bondeni, na udongo mwekundu wakati wa masika, ambao hushikamana na mnyororo hata gurudumu likakataa kuzunguka. Wakati mwema ni Juni hadi Agosti, nchi imekauka na jua si kali. Mwenye kupenda embe na angoje Desemba, lakini achukue na mvua zake.

Kutoka Kisarawe mpaka Maneromango ni kilomita zipatazo 50. Asiyezoea aende siku moja, alale kwa jamaa, arejee kesho yake. Achukue pampu, gundi na kipande cha mpira cha kuzibia pancha, maji ya kutosha, na daftari. Daftari hilo ndilo mzigo ulio bora kuliko yote. Aandike jina la hame, jina la aliyeanza kukaa pale, majina ya waliozikwa na upande walipo, na jina la mzee aliyemhadithia. Akikuta nguzo ya kaburi iliyochongwa, asiiguse. Wazaramo wa zamani walikuwa mafundi wa kazi hiyo, na nguzo zao nyingine zimo katika makumbusho za Ulaya; zilizosalia na zikae mahali pake. Kabla ya kuingia porini apige hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana kijana mgeni azungukaye makaburini na daftari atadhaniwa dalali wa viwanja, na siku hizi dalali hapendwi.

Mabinti nao wasiachwe nyumbani. Hadithi za nyumba huwa kwa bibi, na bibi humwambia mjukuu wa kike mambo asiyomwambia mvulana. Waende pamoja na baba yao au ndugu zao, na nguo zikusanywe vyema zisinaswe na mnyororo.

Hapo makaburini wasalimie kama tulivyofundishwa, waombe dua, wafyeke majani kidogo. Ama habari ya sala njiani, ambayo vijana hupenda kuiuliza: masafa ya kukusuru katika madhehebu ya Imam Shafii ni marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi, nayo hupimwa kwa kwenda tu, bila ya kujumlisha kurudi. Aliyetoka Kisarawe kwenda Maneromango atasali kama kawaida yake. Aanzaye safari mbali zaidi ayahesabu masafa yake kabla ya kutoka, na penye shaka amwulize imamu wa msikiti wake.

Wenye nguvu zaidi huweza kutoka Maneromango wakashika njia ya Mzenga, penye stesheni ya reli ya TAZARA, wakatokea Mlandizi. Njia hiyo ina watu wachache na mahame mengi. Lakini wakifika Mlandizi wasiingie barabara kuu ya Morogoro kwa baiskeli wakati wa magharibi, kwani malori ni mengi mno. Wazipakie baiskeli juu ya gari hata Kibaha, au walale Mlandizi watoke alfajiri baada ya sala.