Daraja Lililopinda kwa Ajili ya Vyombo vya Maji

Mto Mississippi, katika nchi ya Marekani, ukaribiapo mji wa St. Louis kutoka kaskazini hupita juu ya majabali yaliyotanda chini ya maji. Mahali hapo huitwa Chain of Rocks, yaani Mnyororo wa Majabali, na manahodha wa zamani walipaogopa.

Mwaka 1929, motokaa zilipokuwa zimekwisha kuenea hata kwa wakulima wa nchi ile, palifunguliwa hapo daraja la chuma cha pua lenye urefu wa futi 5,353, yaani zaidi kidogo ya maili moja. Halikujengwa na Serikali, bali na watu wenye fedha zao, waliotumaini kuzirudisha kwa ushuru wa kila gari livukalo. Gharama ilikisiwa kuwa dola 1,250,000, lakini kazi ilipokwisha zilikuwa zimetumika zaidi ya dola 2,500,000. Hesabu ya namna hii si ngeni kwa mtu ye yote aliyepata kujenga nyumba.

Ubavu wa daraja lile ni kama kenchi za paa la mabati: vipande vya chuma vimeungwa vikafanya pembetatu, moja baada ya nyingine. Umbo la pembe nne huweza kusukumwa likalala upande, lakini pembetatu haibadiliki mpaka kimojawapo cha vipande vyake kikatike au kipinde. Ndiyo sababu vyuma vyembamba viliweza kuchukua malori juu ya mto mpana.

Lakini linalowastaajabisha watu zaidi ni kona iliyo katikati yake. Wajenzi walikusudia daraja lililonyoka. Manahodha wakapinga, kwa kuwa karibu na hapo imesimama ndani ya mto minara miwili ya kuvutia maji ya mji, na mkondo ni mkali. Chombo kingepitaje baina ya minara na nguzo bila kugonga? Tena, mahali palipochaguliwa kwanza jabali la chini halikufaa kuchukua uzito wa nguzo. Basi daraja likapindwa kwa kona ya zaidi ya digrii 20. Mto ukapewa haki yake, na wa kulipa akawa mwenye motokaa.

Mwanzoni taabu haikuwa kubwa, kwani magari yalikuwa mafupi na mwendo wake wa pole. Mwaka 1936 tawi la barabara mashuhuri namba 66, iliyotoka Chicago kwenda Los Angeles, likapitishwa hapo ili wasafiri wauepuke msongamano wa St. Louis. Malori yakazidi urefu. Kukutana mawili penye kona, katika njia ya upana wa futi 24, kulimtoa dereva jasho.

Kisha mwaka 1953 ulifunguliwa mfereji upande wa mashariki, wenye milango ya kuinua na kushusha vyombo, na matishari yakaanza kupita huko, mbali na majabali na minara. Vyombo ambavyo kwa ajili yake daraja lilipindwa vikahama, kona ikabaki.

Mwaka 1967 lilifunguliwa daraja jipya karibu na hapo, na la zamani likafungwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1975 lilikusudiwa kubomolewa, lakini bei ya chuma chakavu ikashuka, nalo likaachwa. Tangu 1999 huvukwa na waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ambao kona haiwasumbui hata kidogo.