TAHARIRI: TUNAANIKA DAGAA, MAMA ANAKOSA DAMU



Juma hili ubao wetu hausemi habari za bei ya pamba wala pembejeo. Tumezoea kusimama hapa kutafuta majina yetu kwenye orodha ya malipo, tukishayaona tunaondoka. Leo tunaomba usimame kidogo usome habari ya damu. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Na ninyi kina baba msiseme, "Aa, hayo ni mambo ya kina mama," mkapita. Habari hii inawahusu ninyi kwanza.

Yupo mama mmoja, jina lake tunalihifadhi, kazi yake ni kuanika dagaa. Alipofikisha mimba ya miezi sita alianza kuchoka hovyo. Akibeba ndoo ya maji moyo unakwenda mbio, akiinuka anaona giza. Majirani wakasema huyu siku hizi amekuwa mvivu. Alipokwenda kliniki akapimwa damu, ikaonekana ni 8. Nesi akamwuliza: "Mama, unakula nini nyumbani?" Akataja: asubuhi chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo na mlenda, halafu chai, usiku ugali tena. "Na dagaa je?" Akajibu: "Dagaa ni wa kuuza, nesi."

Ndugu, neno hilo ndilo limetufanya tuandike. Mtu anashinda juani anageuza dagaa magunia kwa magunia, na mwilini mwake hamna damu. Dagaa hao wanapakiwa kwenye lori, wanakwenda Mwanza kwenye soko la Kirumba, wengine wanavuka mpaka. Wale walioanikwa mchangani wakachafuka wanauzwa kwa bei ya chini kutengenezea chakula cha kuku. Yaani kuku wa mtu wa mjini anakula dagaa wa Ziwa letu, na mama mjamzito aliyewaanika anakunywa chai ya rangi. Hesabu hiyo, wanaushirika, haiwezi kuwa sawa hata kidogo.

DAMU NI NINI NA INAKWENDA WAPI

Tueleze kwa lugha yetu ya ushirika. Mwili wa mama ni kama ghala. Ndani yake kuna akiba ya madini ya chuma, na chuma ndicho kinachotengeneza wekundu wa damu. Mama akishika mimba, maji ya damu yake yanaongezeka karibu nusu zaidi ya yale ya kwanza, ili yamtoshe yeye na mtoto. Mtoto naye anachota chuma chake kila siku, bila kuuliza kama ghala limejaa au limebaki tupu. Kama mama haingizi kitu, mwisho ghala linakauka.

Kliniki wanapima wekundu wa damu kwa namba. Mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu wa damu. Akiwa chini ya 7 huo ni upungufu mkali, na ni hatari. Wala tusidhani ni shida ya nyumba moja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila wajawazito 100 hapa Tanzania, 57 walikuwa na upungufu wa damu. Ni zaidi ya nusu.

Hatari yenyewe iko wapi? Iko siku ya kujifungua. Kila mama anayezaa hutoka damu. Mwenye akiba akipoteza nusu lita anaweza kustahimili mpaka asaidiwe. Yule aliyekwenda na damu ya 6 au 7, kiasi hicho hicho kinaweza kumwua, maana hakuwa na cha kupoteza. Kutoka damu kwa wingi ni katika sababu kubwa kabisa zinazoua wazazi hapa nchini. Na mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mdogo asiye na nguvu. Kwa hiyo anayesema "ni uchovu tu wa mimba" afikiri mara mbili.

Dalili mnazijua: kuchoka, kizunguzungu, kuhema kwa kazi ndogo, kichwa kuuma. Vuta kope ya chini uangalie ndani. Ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, usingoje kesho. Lakini wengine hawaonyeshi dalili mpaka damu imeshuka sana, ndiyo maana kipimo cha kliniki hakina mbadala.

CHAKULA TUNACHO

Sasa jamani, tusilie kama watu wa jangwani. Ziwa liko karibu, mashamba tunayo. Tunayokosa ni mipango ya sufuria.

Ugali wa muhogo unashibisha, hatuukatai, ila chuma kilichomo ni kidogo sana. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa viwanda vikubwa, lakini unga tunaosaga kwenye mashine zetu za hapa hauongezwi kitu. Basi damu lazima itoke kwenye mboga na kitoweo. Tuangalie moja moja:

1. Dagaa. Huyu analiwa mzima, kichwa na mifupa, hakuna kinachotupwa. Chuma cha samaki na cha nyama mwili unakipokea kwa urahisi kuliko kile cha majani. Waoshwe mchanga uishe, wapikwe na nyanya. Mjamzito apate kiganja kizima kila siku ikiwezekana. Kuonja mchuzi tu hakutoshi.

2. Nyama na maini. Nyama hata kidogo inasaidia. Maini yana chuma kingi. Kwa mjamzito yasizidi mara moja kwa juma. Mayai nayo ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Wapo wanaosema mama akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Si kweli. Bibi zetu tunawaheshimu sana, ila hapo tunaomba watusamehe.

3. Maharage, kunde, choroko na karanga. Hivi ndivyo kitoweo cha siku ambazo mfuko umetoboka.

4. Majani: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mgagani. Yana chuma, na yana vitamini ya foliki inayojenga damu. Yasichemshwe mpaka yakawa uji na maji yake yakamwagwa.

5. Ulezi na mtama. Uji wa ulezi ni bora kuliko chai ya rangi asubuhi. Ukiotesha ulezi ukawa kimea kabla ya kusaga, chuma chake kinapatikana vizuri zaidi.

6. Ndimu, chungwa, pera, embe, papai. Hapa watu wengi hawajui. Chuma cha majani na maharage ni kigumu kuingia mwilini peke yake. Tunda la namna hii likiliwa pamoja na chakula linakifungulia mlango. Kamulia ndimu kwenye mboga ikishaiva.

Na yupo anayefunga mlango huo. Ni chai, na kahawa pia. Ukinywa chai pamoja na chakula, chuma kingi kinapita bila kuingia. Hatusemi mtu aache chai, tunajua hamtatusikia! Tunasema ikae mbali na chakula, saa moja kabla au saa moja baada.

Jambo jingine ni rangi. Watu wanadhani kila kinywaji chekundu kinaongeza damu, wanamnunulia mjamzito soda nyekundu. Ile ni sukari na rangi. Fedha ya chupa moja ingenunua dagaa au mayai.

Na udongo. Kina mama wengi wajawazito wana hamu ya kula udongo. Hatuwacheki, maana hamu hiyo yenyewe mara nyingi huwapata wenye upungufu wa damu. Lakini udongo unazuia chuma kuingia mwilini, na unaweza kuleta mayai ya minyoo. Ukijiona unautamani, mweleze mhudumu wa kliniki bila aibu.

CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Tusidanganyane. Mama ambaye damu imeshashuka hawezi kungoja mchicha uote. Chakula kinaweka akiba, lakini deni lililokwisha kuingia linalipwa kwa vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Ni kidonge kila siku, siyo siku ukikumbuka. Wengi wanaviacha kwa sababu ya kichefuchefu, au choo kinakuwa cheusi wakaogopa. Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu kikikusumbua, meza usiku pamoja na chakula. Usimeze na chai.

Halafu kuna wezi wa damu. Wa kwanza ni malaria, na Mara tunaijua. Mjamzito alale ndani ya chandarua kila usiku. Kuanzia baada ya miezi mitatu ya kwanza, apewe kliniki dawa ya SP ya kukinga malaria, akirudia kila mwezi kadiri atakavyoelekezwa. Mwizi wa pili ni minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo na kunyonya damu tumboni. Kinga yake ni choo na viatu, na kliniki watatoa dawa ya minyoo wakati unaofaa wa mimba. Wa tatu ni kichocho, ambacho sisi watu wa ziwani tunakipata kwa kusimama majini. Anayekojoa damu au kuona damu chooni aseme. Mwenye selimundu naye ajitaje mapema, maana matibabu yake yana utaratibu wake.

Kwa hiyo kliniki siyo ya mwezi wa saba. Mama aende kabla mimba haijapita miezi mitatu. Na baada ya kuzaa apumzike angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, ghala lipate kujaa.

WENYE FUNGUO NI SISI

Turudi kwa yule mama. Nesi alimpa vidonge na mawaidha. Lakini nani anashika mfuko nyumbani kwake? Nani anasema gunia hili liuzwe lote? Nani anakatiwa kipande kikubwa mezani, watoto wakafuata, na mama akabaki anafuta sufuria? Kina baba, tujibu wenyewe. Mke hawezi kula alichokatazwa kugusa. Nesi anaweza kusema mpaka kooni kukauke, mfuko ukiwa umefungwa hakuna damu itakayoongezeka.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, halafu Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikaa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Na mkoani Iringa, kuanzia miaka ya 1983 na 1984, vijiji viliweka siku za afya kila baada ya miezi mitatu. Watoto walipimwa uzito, na kamati ya kijiji ikakaa kuuliza: huyu kwa nini amepungua, na sisi tufanye nini? Watu wa kijiji wenyewe walisoma ile hesabu. Kama Iringa waliweza kwa watoto, sisi tunashindwaje kwa wajawazito wetu?

Kwa hiyo tahariri hii inatoa mapendekezo manne, yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao:

Kwanza, kila nyumba inayoanika dagaa yenye mjamzito itenge kopo moja kabla gunia halijashonwa. Litengwe kabla ya kupima, maana baada ya kupima litaonekana ni hasara.

Pili, wanaushirika waanikie dagaa juu ya chanja badala ya mchangani. Dagaa safi bei yake ni nzuri, na tutakula bila kutafuna mchanga.

Tatu, kila kaya iwe na tuta la mboga karibu na mahali pa kuogea au kuoshea vyombo, limwagiliwe maji yaliyokwisha kutumika.

Nne, mume amsindikize mkewe kliniki walau mara ya kwanza, asikie kwa masikio yake namba ya damu ya mkewe. Bei ya kilo ya pamba tunaikumbuka mpaka senti. Na hii tuikumbuke.

Tumesikia watu wakinung'unika kwamba kopo moja la dagaa kila mara ni fedha. Ni kweli, ni fedha. Lakini gari la kukimbiza mgonjwa usiku ni fedha zaidi, damu ya kuongezewa haipatikani kila saa, na jeneza nalo linanunuliwa. Aliyewahi kuchanga kwa ajili ya msiba wa mzazi anajua hesabu hiyo.

Yule mama anaendelea na vidonge, na siku hizi anachukua dagaa wake bila kuomba ruhusa. Tunamwombea ajifungue salama. Waliobaki tusingoje mpaka namba ifike 8.

Haya ndugu, kazi kwetu. Ukishasoma, mwambie mwenzako.

Mhariri